Kipa ni Screen Protector

Djigui Diarra, kipa kutoka Mali aliyejiunga na Yanga mwaka 2021, alipewa na mashabiki jina la Screen Protector. Kariakoo hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Pita Mtaa wa Aggrey saa yoyote ya mchana utawakuta vijana wenye meza ndogo, kitambaa cha kufutia na rundo la vioo vya simu. Unampa simu, anaifuta, anabandika kioo, anasukuma mapovu yatoke pembeni, unalipa, unaondoka. Ukishafika kituo cha basi umeshakisahau. Utakikumbuka siku simu itakapoanguka, utakapoiokota na kuigeuza uone nini kimepasuka.

Jina hilo lilitolewa kama sifa, na ni sifa kweli. Lakini ndani yake mna habari nzima ya jinsi tunavyomchukulia kipa. Ni kitu kinachobandikwa juu ya kitu cha thamani ili kipigwe badala yake. Kikivunjika kimefanya kazi yake, ila hakuna anayekishukuru. Kinabanduliwa, kinatupwa, kinabandikwa kingine.

Majina ya utani ya makipa wetu ni fasihi ndogo ambayo hatujaisoma vya kutosha. Juma Pondamali, aliyekuwa katika kikosi cha Taifa Stars kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la 1980 kule Lagos, aliitwa Mensah, kwa jina la Robert Mensah, kipa wa Asante Kotoko ya Ghana. Sifa kubwa wakati huo ilikuwa kufananishwa na mtu, tena mtu mwenye kaburi na historia yake. Baadaye Mohamed Mwameja wa Simba akaitwa Tanzania One, na jina hilo likarithiwa na Juma Kaseja, kisha Aishi Manula. Hapo sifa imehama kutoka kwa mtu kwenda kwenye cheo. Tanzania One ni kiti, na kila aliyekikalia alijua kuna mwingine anayekitazama. Leo sifa imefika kwenye bidhaa ya dukani. Mtu, kiti, bidhaa: simaanishi kwamba mashabiki wamekuwa wabaya zaidi, maana kila kizazi husifu kwa vitu vilivyo mbele yake. Ila kila jina linakuja na namna yake ya kumwacha mtu.

Kabla ya majina kuna vitenzi. Katika Kiswahili chetu cha mpira, mshambuliaji anafunga na kipa anafungwa. Ajabu yake ni kwamba nje ya uwanja kufunga ndiyo kazi ya kipa: kufunga mlango, kufunga duka, kufunga mzigo usimwagike. Yeye amewekwa pale ili lango lifungwe, lakini kitenzi amepewa yule anayelifungua. Kipa akikosea tunakinyambua zaidi: katufungisha. Mshambuliaji akipaisha akiwa peke yake na nyavu tunasema kakosa, na kukosa ni jambo la binadamu. Kufungisha kunanuka kusudi. Ni neno linalouliza ulilipwa shilingi ngapi.

Kwa upande wa wema, tuna kuokoa, kupangua na kudaka. Yote matatu yanahitaji shuti. Hatuna kitenzi cha kipa aliyesogea hatua mbili mapema mpaka mshambuliaji akaghairi kupiga, wala cha yule aliyempigia kelele beki wake arudi kabla krosi haijatoka mguuni. Hatari isiyotokea haina jina, na kisicho na jina hakisimuliwi kijiweni.

Hapa ndipo kazi ya Juma Kaseja inapofaa kusomwa upya, kwa sababu hakuna kipa wetu ambaye habari zake zimesimuliwa sana kama yeye na kuachwa na mapengo makubwa kama yeye.

Msimulizi yeyote wa Msimbazi ataanza na 2003. Simba iliifunga Zamalek, bingwa mtetezi wa Afrika, 1-0 nyumbani, ikafungwa 1-0 kule Cairo, ikashinda kwa penalti 3-2. Kaseja, bado kijana mdogo, alikuwa langoni. Kisha ataruka hadi 2019. Kaseja ana miaka 34, anadakia KMC, timu ya Manispaa ya Kinondoni, na wengi wameshamhesabu mstaafu. Anaitwa Taifa Stars. Mwezi Agosti, Nairobi, baada ya sare mbili za 0-0, Tanzania inaitoa Kenya kwa penalti 4-1 katika mbio za CHAN. Mwezi Septemba, Dar es Salaam, baada ya sare mbili za 1-1, inaitoa Burundi kwa penalti 3-0 katika kufuzu Kombe la Dunia. Warundi hawakufunga hata moja. Habari imekamilika: shujaa ameanza na penalti, amerudi na penalti.

Ni habari tamu, nami naipenda. Lakini tazama inachokiacha. Kati ya 2003 na 2019 kuna miaka 16, na karibu yote ni kazi ya kila wiki ambayo habari hiyo haigusi. Penalti ndiyo dakika pekee ambayo kipa hadaiwi chochote. Mpira uko hatua kumi na mbili, mpigaji hana mtu wa kumsumbua, na kila aliyeko uwanjani anajua bao ndilo linalotarajiwa. Kipa akifungwa, hakuna atakayesema katufungisha. Akidaka, ni faida tupu. Kwa hiyo tumemjengea Kaseja sanamu mahali ambapo hakuwa na deni, na tumemhukumu kule ambako deni lilikuwa kila dakika, yaani katika mchezo wenyewe.

Hukumu hizo hazikuwa ndogo. Mwaka 2008 alitoka Simba kwenda Yanga, akarudi Simba 2009. Klabu hizi mbili zinapakana kiasi kwamba unaweza kutoka Mtaa wa Msimbazi hadi makao ya Yanga pale Twiga na Jangwani kwa miguu, bila kutoka jasho sana. Kwa mchezaji wa ndani safari hiyo ina bei. Kwa kipa bei ni mara mbili, kwa sababu kosa lake lolote baada ya hapo lina tafsiri tayari. Chini ya kocha Marcio Maximo alikaa nje ya Taifa Stars kwa muda mrefu, huku sehemu ya mashabiki ikimdai. Baadaye, chini ya Kim Poulsen, akavaa kitambaa cha unahodha. Mei 6, 2012, Simba ilipoifunga Yanga 5-0, mojawapo ya mabao yale alilifunga yeye, kwa penalti. Mwaka mmoja na nusu baadaye alikuwa amevuka tena, na Desemba 2013, katika mechi ya Nani Mtani Jembe ambayo haikuwa hata ya ligi, Simba ikaifunga Yanga 3-1 yeye akiwa langoni kwa Yanga. Lawama zikamwangukia. Kocha Ernie Brandts akafukuzwa, na Kaseja hakudumu Jangwani.

Je, alidaka vibaya siku ile? Inawezekana kabisa, na makipa wana haki ya kudaka vibaya. Ninalolipinga ni ile hatua ya pili, pale maneno yanapotoka kwenye mikono yake na kuingia mfukoni mwake. Kosa la kiufundi linaweza kujadiliwa: alisimama wapi, alitoka mapema au alichelewa, nani alimwachia mtu wake. Tuhuma ya kuuza mechi haijadiliwi, maana haina ushahidi wa kukanushwa. Ikishasemwa kijiweni, ikapita redioni kwa lugha ya mafumbo, kipa atamaliza kazi yake akijibu swali ambalo hakuna aliyemuuliza ana kwa ana.

Kwa nini kipa hasa? Nadhani jibu liko katika duka la Kariakoo. Tajiri akienda kuswali au kula, humwacha mtu mmoja kwenye droo. Jioni hesabu ikipungua, haulizwi mbeba mzigo wala kijana wa kuita wateja. Anaulizwa aliyekaa na droo. Huenda bei ilipangwa vibaya asubuhi, huenda mzigo ulifika umepungua tangu bandarini, lakini yeye ndiye aliyekuwa karibu na upungufu ulipoonekana. Kipa ni mtu wa droo. Kosa la kiungo aliyepoteza mpira katikati linasafiri, linapita kwa beki wa kulia, linapita kwa beki wa kati, na likifika langoni limeshachukua sura ya kipa.

Mantiki hiyo inaeleweka sokoni, ambako mtaji mdogo unaweza kuisha kwa siku moja. Katika kuusoma mpira ni uvivu, na uvivu huo unagharimu kazi za watu. Novemba 5, 2023, Yanga iliifunga Simba 5-1. Langoni kwa Simba alikuwa Aishi Manula, aliyejiunga na klabu hiyo kutoka Azam mwaka 2017 na kwa miaka akawa kipa wa kwanza wa nchi. Mabao matano hayawezi kutoka katika jozi moja ya glovu. Yanahitaji kiungo iliyozidiwa, mabeki waliopanda wasirudi, na mpinzani aliyekuwa bora. Lakini jioni ile picha iliyozunguka kwenye simu ilikuwa ya kipa akiuokota mpira wavuni, na msimu ule nafasi yake ikaenda kwa Ayoub Lakred wa Morocco. Mwaka uliofuata Simba ikamleta Moussa Camara wa Guinea. Klabu zote mbili za Kariakoo zikawa zinalindwa na wageni.

Sina ugomvi na wageni, na Diarra ameonyesha kwa miguu na mikono jinsi kipa anavyoweza kuwa mwanzo wa shambulizi. Ugomvi wangu ni na sisi tunaosimulia. Kijana wa Kitanzania mwenye miaka 17 anayetaka kuvaa glovu leo anasikia habari mbili tu za kazi hiyo: penalti moja itakayokumbukwa miaka 16, na kosa moja litakaloitwa hongo. Katikati hakuna kitu. Ukiwa mzazi wake, utamwambia akacheze namba tisa.

Tunachoweza kubadilisha ni usomaji. Mechi ijayo ya Simba na Yanga, iwe Uwanja wa Mkapa au kwenye banda la video, mtazame kipa mmoja kwa dakika kumi wakati mpira uko upande wa pili. Angalia anavyosogea mbele timu yake inaposhambulia na kurudi inapopokonywa, anavyonyoosha mkono kumpanga beki, anavyoongea bila kukoma na watu wasiogeuka kumtazama. Hesabu ni krosi ngapi zilibadilishwa njia kwa sababu yeye alikuwa ameshafika. Kisha nenda kijiweni ukalisimulie hilo, hata kama timu yako imefungwa. Hasa kama imefungwa.