Wimbo Bila Waitikiaji: Uhamisho na Utunzi katika Kazi za Okot p'Bitek

Ikisiri

Makala hii inahakiki maisha na kazi za Okot p'Bitek (1931–1982), Mwacholi wa Uganda aliyeandika riwaya, akatunga nyimbo na opera, na akaishi takriban mwongo mmoja nje ya nchi yake. Hoja kuu ni kwamba neno wimbo katika kazi zake si sitiari, bali ni jina la umbo linalodai kuwapo kwa waitikiaji, na kwamba athari kubwa ya uhamisho katika utunzi wake inaonekana mahali waitikiaji hao wanapopungua. Uchambuzi umeongozwa na mkabala wa utendaji katika fasihi simulizi. Sehemu ya mwisho inaonesha maana ya hoja hiyo kwa uhakiki wa ushairi wa Kiswahili na kwa ukusanyaji wa nyimbo katika Bonde la Kilombero, hususani eneo la Kivukoni, Ifakara.

1.0 Utangulizi

Uhakiki mwingi wa Okot p'Bitek umejikita katika maudhui. Lawino amesomwa kama mtetezi wa mila, na mumewe, Ocol, kama kielelezo cha msomi aliyetekwa na ukoloni. Usomaji huo una ukweli, lakini una kasoro moja ya msingi: unaugeuza wimbo kuwa hotuba. Hotuba huhitaji msikilizaji aliyekaa kimya. Wimbo wa jamii humhitaji mtu wa kuupokea, kwa sauti, kwa makofi au kwa mwili. Makala hii inachunguza tofauti hiyo. Swali linaloongoza ni hili: mtunzi aliyelelewa katika nyimbo zinazoitikiwa hutunga nini anapoishi mbali na waitikiaji wake?

2.0 Maisha ya Mtunzi kwa Muhtasari

Okot alizaliwa Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1931. Mama yake, Cerina Lacwaa, alikuwa mwimbaji na mtunzi wa nyimbo. Baba yake alikuwa mwalimu. Daftari na uwanja wa ngoma, kwa hiyo, vilikuwamo katika nyumba moja. Akiwa mwanafunzi wa King's College Budo alitunga na kuongoza opera, na baadaye, akiwa mwalimu karibu na Gulu, aliongoza kwaya. Mwaka 1953 ilichapishwa riwaya yake ya Kiacholi, Lak Tar Miyo Kinyero Wi Lobo. Alikuwa na umri wa miaka 22.

Mwaka 1956 alisafiri Uingereza na tima ya mpira wa miguu ya Uganda, akabaki huko kusoma elimu, sheria na hatimaye anthropolojia ya jamii. Utafiti wake katika Chuo Kikuu cha Oxford ulihusu fasihi simulizi ya Waacholi na Walango. Aliporejea Uganda alifanya kazi chini ya Chuo cha Makerere, kisha akaongoza Kituo cha Utamaduni cha Uganda jijini Kampala. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1960 aliondolewa katika wadhifa huo baada ya kuikosoa serikali, akahamia Kenya. Alifanya kazi Kisumu, ambako mwaka 1968 aliandaa tamasha la sanaa, kisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Katika kipindi hicho alikaa pia Iowa, Marekani, na baadaye Ife, Nigeria. Alirudi Makerere na kufariki dunia mwaka 1982.

3.0 Nafsi ya Kwanza: Kutoka Riwaya hadi Wimbo

Riwaya ya 1953 inasimulia safari ya Okeca Ladwong, kijana anayeondoka Uacholi kwenda kusini kutafuta mahari ya kumwoa Cecilia Laliya. Anataabika Kampala na katika mashamba ya miwa ya Jinja, na anaporudi nyumbani fedha zake zinapotea njiani. Jina la riwaya linabeba maana ya methali: meno meupe ndiyo yanayotufanya tucheke duniani, hata pale ambapo moyo hauna sababu ya kucheka. Kisa hiki hakihitaji ufafanuzi mrefu kwa msomaji anayelijua Bonde la Kilombero, ambako mashamba ya miwa yamewavuta vijana wa mbali kwa matumaini yaleyale.

Jambo la kuzingatia ni kwamba Okeca anajisimulia mwenyewe. Nafsi hiyo ya kwanza haikuachwa mwandishi alipohama kutoka nathari kwenda utungo. Lawino, Ocol, mfungwa na malaya, kila mmoja anasema kwa kinywa chake. Kwa hiyo si sahihi kuitenga riwaya kama zoezi la ujanani na kuziona nyimbo kama kazi nyingine kabisa. Kilichobadilika ni upande wa pili wa sauti: msimulizi wa riwaya anazungumza na msomaji asiyejulikana, ilhali mwimbaji anazungumza na watu anaowaita kwa uhusiano wao.

Katika utungo wa Lawino, uliochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1966 na kwa Kiacholi mwaka 1969, mwito huo ndio uti wa mgongo wa umbo. Lawino humwendea mumewe kwa lawama, kisha humwacha na kuwageukia ndugu wa ukoo. Huwauliza maswali yasiyoweza kujibiwa na mtu mmoja. Humtania Clementine, mke wa kisasa, kwa dhihaka inayohitaji kundi la kucheka. Anapolinganisha ngoma ya vijana wa Kiacholi na dansi ya kizungu, hoja yake haiishii kwenye adabu. Ngoma yake huchezwa uwanjani, mbele ya watu, na kila mchezaji huonwa na kupimwa. Dansi ya Ocol hufanyika ndani ya jengo, wawiliwawili, na haina mtazamaji mwenye haki ya kusema neno. Hata methali ya Kiacholi inayokataza kung'oa boga lililoota kwenye mahame, ambayo wahakiki wengi wameifanya muhtasari wa utungo mzima, hupata nguvu kwa sababu ni mali ya wote. Aitamkaye hutegemea kuwa wasikiao wanaijua tayari.

4.0 Uhamisho na Kupungua kwa Waitikiaji

Ni muhimu kuzingatia mpangilio wa miaka. Lawino alikuwa ameshatungwa na kuchapishwa kabla ya mtunzi kufukuzwa kazi. Kwa hiyo dai kwamba umbo la wimbo lilizaliwa na kiu ya nyumbani ya mtu aliye ugenini halina msingi. Uhamisho haukumpa Okot wimbo. Ulimkuta nao.

Utungo wa Ocol ulitoka mwaka 1970. Tendo lake la kwanza ni la kuzima sauti: Ocol anamnyamazisha mkewe na kumtaka afungashe vitu vyake aondoke. Kuanzia hapo anazungumza peke yake. Anaiita Afrika, lakini anaiita ili aikane. Anaorodhesha makabila, mashujaa na mila kama mtu asomaye mali itakayoteketezwa. Wahakiki kadhaa wameuona utungo huu kuwa dhaifu kuliko ule wa Lawino kwa kuwa Ocol hajibu hoja za mkewe. Inapendekezwa hapa kwamba kutojibu huko ndiko maana yake. Ocol ni mwimbaji aliyewafukuza waitikiaji wake, na utungo unamwonesha katika hali hiyo bila kumnusuru.

Mwaka 1971 zilifuata nyimbo mbili katika kitabu kimoja: ya mfungwa na ya malaya. Kitabu hicho kilipata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1972. Mfungwa yuko katika chumba cha mateso, na watu anaowaita, yaani mke, watoto na wazazi, hawawezi kumsikia. Maswali yake yanarudi kama mwangwi. Mwishoni anaomba aachiwe acheze ngoma za watu wa kila mahali, na ombi hilo ni chungu kwa sababu ngoma haichezwi na mtu aliye peke yake ndani ya kuta nne.

Iwapo uchambuzi ungeishia hapa, ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba uhamisho, pamoja na kutunga moja kwa moja kwa Kiingereza, viliua uitikiaji. Wimbo wa malaya unazuia hitimisho hilo. Nao ulichapishwa ugenini, nao ni wa Kiingereza, lakini una watu tele: mabaharia, wateja, wake wa wateja, kaka, na juu ya yote wanawake wenzake ambao malaya anawaita dada. Anawakaribisha, anawaonya, anawachekesha. Ukoo wa Lawino umepotea, na mahali pake pamejengwa ukoo mwingine wa mjini, usio wa damu. Kutokana na hilo inabainika kuwa kinachoamua uhai wa wimbo si mahali mtunzi alipo wala lugha aliyoitumia, bali ni iwapo nafsineni ana jumuiya ya kumpokea.

5.0 Ulinganisho: Mhamiaji wa Hiari

Hoja hiyo inaweza kupimwa kwa kumlinganisha Okot na Paul Bowles (1910–1999), Mmarekani aliyekuwa mtunzi wa muziki na mwandishi wa riwaya. Bowles alifundishwa na Aaron Copland na alitunga muziki wa tamthilia jijini New York kabla ya kuhamia Tangier, Moroko, mwaka 1947. Riwaya yake maarufu, The Sheltering Sky, ilitoka mwaka 1949. Mwaka 1959 alizunguka Moroko akirekodi muziki wa wenyeji kwa ajili ya Maktaba ya Bunge la Marekani, na baadaye alitafsiri hadithi zilizosimuliwa kwa mdomo na Mohammed Mrabet.

Wote wawili walikuwa na kalamu na sikio la muziki, na wote walihifadhi sanaa ya watu wasioandika. Hata hivyo, Bowles alihama kwa hiari, na katika nyimbo alizozirekodi alikuwa msikilizaji: ufundi wake ulikuwa katika kutega kinasasauti na kukaa kando. Muziki aliuweka upande mmoja na riwaya upande mwingine, na wahusika wake ni wasafiri wasio na wa kuwaitikia, nao hawamtarajii. Okot, katika Horn of My Love (1974), alikusanya nyimbo za Waacholi akiwa mtu wa ndani, akaziweka kwa Kiacholi na tafsiri ya Kiingereza ubavuni. Kwa Bowles upweke ni sharti la sanaa. Kwa Okot ni jeraha lake.

6.0 Lawino katika Mgogoro wa Ushairi wa Kiswahili

Tafsiri ya Kiswahili ya Paul Sozigwa, Wimbo wa Lawino, ilichapishwa mwaka 1975. Mwaka mmoja kabla yake Euphrase Kezilahabi alikuwa ametoa Kichomi, diwani iliyochochea ubishi juu ya mashairi yasiyofuata arudhi. Wanamapokeo, wakifuata msimamo uliowekwa na Amri Abedi (1954), walishikilia kuwa shairi lazima liimbike, na kuimbika huko walikufunga kwenye vina na mizani. Wanausasa walijibu kwa kutetea uhuru wa mshairi kwenye ukurasa.

Lawino aliwaacha wote bila jibu kamili. Ni wimbo, lakini hauna urari wa vina na mizani. Hivyo unapinga dai la wanamapokeo kwamba kisicho na arudhi hakiimbiki. Wakati huohuo, uhuru wake wa umbo haukutokana na ukurasa bali na uwanja wa ngoma. Hivyo hauwezi kutumiwa na wanausasa kama ushahidi wa ushairi wa kusomwa kimya. Istilahi nayo ilichangia kuficha jambo hili. Katika mapokeo ya pwani, wimbo ni jina la utungo mdogo, ulio chini ya shairi. Kwa Mwacholi, kama kwa Mndamba au Mpogoro, wimbo haupimwi kwa idadi ya mishororo bali kwa jinsi unavyopokewa.

7.0 Athari kwa Utafiti wa Nyimbo katika Bonde la Kilombero

Hapa ndipo hoja inapogusa kazi ya mtafiti wa Ifakara. Bonde la Kilombero ni makazi ya Wandamba, Wapogoro, Wabunga, Wabena na wahamiaji wengi, na nyimbo zake, zikiwamo za ngoma ya sangula ya Wapogoro, hutegemea mwimbishaji na wapokezi. Mkusanyaji anayemketisha mwimbaji mmoja barazani, akaandika maneno yake na kuyatafsiri, huondoka na matini iliyo katika hali ya mfungwa wa Okot: sauti moja inayouliza bila kupokewa. Maneno yote yanaweza kuwapo na wimbo usiwepo.

Suala hili lina uzito zaidi sasa. Kivukoni, kama jina linavyoonesha, palikuwa mahali pa kuvukia Mto Kilombero, ambapo watu wa upande wa Ifakara na wa upande wa Mahenge walisubiri pantoni pamoja. Daraja lililozinduliwa mwaka 2018 limeokoa muda na maisha. Limeondoa pia kusubiri huko. Mazingira ya watu kukutana yanabadilika haraka kuliko maneno ya nyimbo, na mhakiki anayehifadhi maneno pekee anahifadhi nusu iliyo rahisi kuhifadhika. Inapendekezwa, kwa hiyo, kwamba kila wimbo unaokusanywa uambatane na maelezo ya nani aliitikia, kwa maneno gani, alikuwa na uhusiano gani na mwimbishaji, na ni lini alikaa kimya.

8.0 Hitimisho

Makala imeonesha kuwa riwaya na nyimbo za Okot p'Bitek zimeunganishwa na nafsi ya kwanza inayotafuta wa kuipokea. Kwamba uhamisho haukuzaa umbo hilo bali uliliweka katika majaribu. Na kwamba utungo wa malaya unathibitisha kuwa waitikiaji waliopotea wanaweza kupatikana upya kwa sura nyingine. Msomaji wa Kiswahili alipata nafasi ya kuwa mmoja wao mwaka 1975. Kwa kuwa wakati huo alishughulika zaidi na kuhesabu mizani, sehemu kubwa ya mwito wa Lawino bado haijapokewa.