Tangi la choo lisilofunga: mpangaji aanzie wapi

Katika nyumba za ghorofa za kupanga pale Sinza, Kijitonyama au Kinondoni, Dar es Salaam, hitilafu inayomlia mpangaji fedha bila kelele ni tangi la choo lisilofunga. Bomba likipasuka, kila mtu huliona na kulikimbilia. Lakini maji ya tangi hushuka kama uzi mwembamba kwenye ukuta wa bakuli, mchana kutwa na usiku kucha, na hakuna anayeyaona. Dalili ya kwanza mara nyingi hujitokeza mbali na choo chenyewe: simtanki la juu limekauka alfajiri, pampu inawaka mara nyingi kuliko zamani, uniti za umeme za LUKU zinakwisha kabla ya siku zake. Kisha anaitwa fundi, anafunua mfuniko, anatazama mara moja na kusema mashine yote ya flashi imekufa, ibadilishwe.

Ndivyo ilivyokuwa katika nyumba moja ya vyumba viwili ninayotaka kuichambua hapa. Mpangaji hakukataa ushauri wa fundi, ila aliomba muda hadi kesho yake, na muda huo akautumia kutafuta ugonjwa uko wapi. Nimechagua kazi yake kwa sababu hiyo. Anayejua hasa kilichoharibika hanunui kisichohitajika. Kwa mtu anayeishi kwenye nyumba ya mwenzake kuna faida ya pili kubwa zaidi: anajua pia mzigo huo ni wa nani.

Tangi la choo cha kukaa lina njia mbili kuu za kupoteza maji kimyakimya. Ya kwanza iko juu. Boya likishindwa kufunga valvu inayoingiza maji, kina hupanda mpaka maji yakaanza kumwagikia ndani ya bomba la tahadhari, lile lililosimama katikati ya tangi, na kuteremkia chooni. Ya pili iko chini, kwenye pete ya mpira inayoziba tundu la flashi. Dalili ni zilezile, bakuli huloa vilevile, lakini vipuri ni viwili tofauti kabisa. Anayebadilisha mashine yote anatibu magonjwa mawili wakati mgonjwa ana moja.

Kuzitenganisha njia hizi hakuhitaji spana. Alifunua mfuniko, akauweka sakafuni mbali na miguu ya watoto (mfuniko wa kauri ukivunjika ni vigumu kupata unaolingana nao), akatazama kina cha maji. Yalikuwa chini ya mdomo wa bomba la tahadhari kwa vidole viwili hivi. Hapo boya likaondolewa kwenye orodha ya watuhumiwa. Kisha akatia rangi ya chakula ndani ya tangi, akawakataza wote kutumia choo kwa nusu saa. Aliporudi, maji ya bakuli yalikuwa yamebadilika rangi. Kwa kuwa maji hayakuwa yakipita juu, yalikuwa yakipita chini ya pete ya mpira.

Kuna kipimo kingine cha kuthibitisha: funga koki ndogo iliyo ukutani chini ya tangi, weka alama ya penseli kwenye usawa wa maji, uache usiku mzima. Maji yakishuka hadi karibu na chini, pete ndiyo yenye kosa. Yakishuka kidogo kisha yakasimama mahali fulani, basi kuna ufa au kiungo kinachovuja kwenye usawa huohuo yalipokomea.

Hapa ndipo pana hatari ambayo watu wengi huidharau. Koki hiyo ndogo huenda haijaguswa tangu nyumba ijengwe, na maji ya visima vya Dar es Salaam, ambayo sehemu nyingi yana chumvi, huigandisha. Ukiilazimisha ikakatika, maji yatashuka hadi kwa jirani wa chini, na hapo umegeuza hitilafu ya mwenye nyumba kuwa hasara yako. Mpangaji wetu alianza kwa kutafuta valvu kuu ya nyumba na kuhakikisha inafunga. Baada ya hapo ndipo alipoizungusha koki ndogo, polepole, kwa vidole. Ilikubali. Isingekubali, kazi yake ingeishia pale, na ninasema hivyo kwa uzito wote: koki iliyoganda ni ya fundi, na gharama yake ni ya kuzungumza na mwenye nyumba.

Tangi likiwa tupu, alishika mnara wa flashi, ule wenye pete ya mpira chini yake, na kuuzungusha robo mzunguko kuelekea kushoto. Mashine nyingi za vibonyezo viwili huchomoka hivyo, bila kufungua tangi zima. Chini yake pete ya mpira ilikuwa na gamba jeupe gumu upande mmoja. Gamba hilo ni madini yaliyoachwa na maji, na ndilo lililoacha mwanya. Huondolewa kwa siki na kitambaa, kwa subira. Kisu au msasa huacha michubuko, na mchubuko kwenye mpira ni njia mpya ya maji. Pete iliyo bapa pande zote mbili yaweza kugeuzwa ikafanya kazi kwa muda, lakini yake ilikuwa imeshakakamaa, kwa hiyo aliichukua mkononi hadi Kariakoo akanunua inayolingana nayo kwa upana na unene. Kwenda na kipuri cha zamani ni bora kuliko kumweleza muuzaji kwa mdomo. Vilevile vidonge vya klorini vinavyotumbukizwa ndani ya tangi kwa ajili ya harufu hukausha mpira mapema, kwa hiyo aliacha kuvitumia.

Akarudisha mnara, akajaza maji, kisha akarudia kipimo cha rangi. Bakuli lilibaki jeupe. Hatua hii ya kurudia kipimo naithamini kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayotenganisha kutengeneza na kubahatisha.

Sasa suala la malipo. Kwa Tanzania, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, vifungu vya 88 na 89, inaweka masharti yanayohesabika kuwamo kwenye mkataba wa pango hata kama hayakuandikwa. Panapopangishwa sehemu tu ya jengo, paa, kuta kuu na za nje, mifereji mikuu na maeneo ya pamoja ni wajibu wa mpangishaji. Mpangaji anatakiwa kuitunza nyumba katika hali ya kuridhisha, lakini wakati wa kurudisha hadaiwi uchakavu wa kawaida. Kenya ina masharti yanayofanana katika Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012. Soma pia mkataba wako, maana mara nyingi ndiko vitu vidogo vinakogawanywa. Pete ya mpira ni bei ndogo na wengi huibeba wenyewe kwa amani. Koki iliyoganda au bomba lililo ndani ya ukuta ni jambo jingine.

Mpangaji huyu alimwandikia mwenye nyumba kabla ya kununua chochote: "Shikamoo mama. Tangi la choo linavuja chini, nimelipima kwa rangi, picha hizi hapa. Boya ni zima. Fundi alitaka kubadilisha mashine yote, lakini naona pete ya mpira inatosha. Naomba ruhusa niinunue, risiti nitakutumia tukate kwenye kodi." Ujumbe huo una hitilafu, ushahidi, tiba na ombi, na hauna lawama. Ni vigumu kuukataa. Ungekuwa "mama choo kimeharibika", angeletwa fundi yuleyule.

Njia hiyohiyo inafaa kwa koki inayodondosha. Koki ya kizamani, ya kuzungusha mara nyingi, hufunga kwa mpira mdogo. Ya kisasa, ya robo mzunguko, hufunga kwa kiini cha kauri. Ya kwanza hubadilishiwa mpira, ya pili hubadilishiwa kiini. Anayeendelea kukaza koki ya mpira kwa nguvu ili isidondoshe anauchana mpira wenyewe. Na tepu nyeupe ya bomba ina mahali pake: hutiwa pale ambapo uzi wa chuma ndio unaozuia maji, ikizungushwa kuelekea upande wa kukazia ili isifumuke. Bomba laini lenye wavu wa chuma, linalopeleka maji kwenye sinki au tangi, lina mpira wake ndani ya nati. Tepu haihitajiki hapo, na ikizidi yaweza kuuzuia mpira kukaa sawasawa. Nimeona viungo vingi vikivuja kwa sababu ya wema huo uliozidi.

Ukuta wenye unyevu nao usiupake rangi kabla ya kupima. Funga koki zote ndani, utazame mita: kigurudumu kidogo kikiendelea kuzunguka, maji yanapotea mahali fulani baada ya mita. Kama mnatumia simtanki, funga maji yanayoingia na uweke alama ya usawa. Doa likikua mvua ikinyesha na kutulia wakati wa kiangazi, elekeza macho kwenye paa au ukuta wa nje. Piga picha ya doa lenye mstari wa penseli pembezoni na tarehe kando yake, umtumie mwenye nyumba. Rangi mpya juu ya unyevu hubabuka, na ikishapakwa umefuta ushahidi kwa mkono wako.

Kwa upande wa umeme, sigusi zaidi ya balbu, tena swichi ikiwa imezimwa. Soketi iliyobadilika rangi au inayonuka kuungua izime kwenye saketi breka, usiitumie, aitwe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati. Volti 230 hazina nafasi ya kujifunzia. Kitasa, kwa upande mwingine, mpangaji anaweza kubadilisha kiini chake siku ya kuhamia kwa makubaliano, cha zamani akakihifadhi akirudishe anapoondoka. Matundu ya misumari huzibwa kwa puti na kusuguliwa kwa msasa.

Wengi Dar es Salaam hulipa kodi ya miezi sita au mwaka mzima mbele, na fedha ikishatoka, nguvu ya kudai hupungua. Kwa hiyo picha za kila koki, tangi, soketi na doa zipigwe siku ya kukabidhiwa funguo, zitumwe kwa mwenye nyumba siku hiyohiyo, kabla kitanda hakijaingia chumbani.