"Iliruka" au "Iliweza Kuruka"? Uhakiki wa Kibao cha Makumbusho

Katika masomo ya uhakiki tumezoea kuchambua riwaya, tamthilia na mashairi. Katika makala haya tunahakiki matini fupi zaidi, ambayo wengi huipita bila kuitazama mara mbili: kibao cha maelezo kinachowekwa kando ya kitu katika jumba la makumbusho. Tumechagua mfano wa taasisi ya Smithsonian, Washington, Marekani, kwa sababu ugomvi wake ulihusu jambo ambalo kila mwalimu wa lugha hulifundisha, yaani tofauti kati ya kusema kwamba kitu kilitendeka na kusema kwamba kingeweza kutendeka.

Tarehe 17 Desemba 1903, ndugu wawili, Orville na Wilbur Wright, waliruka mara nne kwa ndege ya injini karibu na Kitty Hawk, jimbo la North Carolina. Mruko wa kwanza ulichukua sekunde 12, kiasi cha meta 37. Wa nne ulichukua sekunde 59, kiasi cha meta 260. Siku tisa kabla ya hapo, chombo cha Samuel Langley kilichoitwa Aerodrome kilikuwa kimeanguka katika Mto Potomac, kama kilivyoanguka mwezi Oktoba. Langley hakuwa mtu wa kawaida. Alikuwa mkuu wa Smithsonian yenyewe. Alifariki mwaka 1906, na wafuasi wake wakaendelea kushikilia kwamba kosa lilikuwa la mtambo wa kukirushia chombo, si la chombo chenyewe.

Mwaka 1914 Smithsonian ilimkabidhi Glenn Curtiss chombo hicho akijaribu tena. Ikumbukwe kwamba Curtiss alikuwa mshindani wa akina Wright katika kesi ya hataza, na mwanzoni mwa mwaka huohuo mahakama ya rufaa ilikuwa imewapa wao ushindi. Curtiss alikifanyia chombo marekebisho mengi, yakiwemo ya mabawa, kikaweza kuruka kwa muda mfupi juu ya ziwa huko Hammondsport, New York. Baadaye kikarudishwa katika umbo lake la 1903, kikawekwa makumbushoni pamoja na kibao kilichodai kuwa ndicho chombo cha kwanza duniani chenye uwezo wa kuruka na mtu.

Hapa ndipo uhakiki wa lugha unapoanza. Kibao hakikusema kwamba Aerodrome iliruka mwaka 1903, kwani huo ungekuwa uongo wa wazi. Kilisema ilikuwa na uwezo. Kwa sarufi yetu, waandishi walikwepa "-li-" ya tukio, wakaingiza dai la "-ngeli-" bila kuonyesha sharti lake: ingeliruka, laiti isingelikuwa hivi na vile. Aidha, chombo kilichorudishwa katika umbo la zamani hakikuweza kukisuta kibao. Mtazamaji aliona mabawa ya 1903 na kusoma sifa zilizopatikana kwa mabawa ya 1914. Kwa hiyo si maneno peke yake yaliyopotosha. Hata kitu chenyewe kilishirikishwa katika upotoshaji.

Wilbur alikuwa amefariki mwaka 1912. Orville alidai masahihisho, asiyapate, na mwaka 1928 akaipeleka ndege yake katika Jumba la Makumbusho ya Sayansi, London. Kwa miaka 20 ndege hiyo mashuhuri ya Wamarekani ilikuwa Uingereza kwa sababu ya maneno ya kibao. Ni mwaka 1942 tu ambapo mkuu wa Smithsonian, Charles Abbot, alichapisha orodha ya tofauti kati ya chombo cha 1903 na kile cha 1914, na kukiri kwamba taasisi yake ilikosea. Orville alifariki Januari 1948. Tarehe 17 Desemba mwaka huo ndege ikawekwa Smithsonian.

Hata hivyo, warithi waliiuza kwa dola 1 na kwa sharti. Mkataba ulikataza Smithsonian kutamka au kuandika kwamba chombo chochote kilichotangulia ndege hiyo kiliweza kumchukua mtu na kuruka kwa nguvu zake chenyewe kikiongozwa. Wakivunja sharti, ndege inarudi kwa warithi. Tazama jinsi neno la uwezo, lililotumiwa kuwanyima akina Wright haki, lilivyofungiwa mlango.

Sisi tunaona kwamba kibao cha sasa ni cha kweli. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lakini kweli inayolindwa kwa mkataba huwapa wapinzani silaha. Mwaka 2013, madai kwamba Gustave Whitehead alitangulia kuruka yalipofufuka, watetezi wake waliuelekezea kidole mkataba huo badala ya kuleta ushahidi wenye uzito.

Ulinzi bora umo katika nyaraka: shajara ya Orville, na picha iliyopigwa na John T. Daniels wakati ndege inainuka. Nyaraka nazo huhitaji kuhakikiwa. Telegramu ambayo Orville alimpelekea baba yake ilimfikia ikitaja sekunde 57 badala ya 59, na jina lake likiwa limekosewa tahajia. Mhakiki hailitupi hati kwa kosa kama hilo. Huilinganisha na nyingine. Hata ndege yenyewe si ileile kwa kila uzi: kitambaa chake kilibadilishwa mwaka 1927 na tena 1985.

Tunawapendekezea walimu zoezi hili. Wanafunzi wachague kibao kimoja katika jumba la makumbusho lililo karibu nao, wapigie mstari kila kitenzi, kisha waulize: je, kinaeleza tukio au uwezekano? Mtendaji ametajwa, au amefichwa kwa kauli ya kutendwa? Ni nani aliyekiandika, na ana maslahi gani? Mwanafunzi aliyezoea kuuliza hivyo hatakariri tena njeo kwa ajili ya mtihani pekee. Atajua kwamba kiambishi kimoja chaweza kumpa mtu haki yake au kumpokonya.