Bibi Asikae Mbele: Tulivyowapanga Abiria Tisa wa Irente

Mpwa wangu alimkalisha bibi siti ya mbele, karibu na mlango, na kuanzia hapo akakwama nusu saa nzima. Adabu yake haikuwa na kasoro. Tatizo lilikuwa la mpangilio, na aliponikabidhi daftari nami nilianza palepale alipoanzia yeye: nikamtafutia mtu mzima nafasi kwanza.

Tulikuwa Irente, Lushoto, tumekaa juu ya mwamba ule unaoitazama Mazinde na mashamba yake ya mkonge chini kabisa bondeni. Simu yake ilikuwa imeisha chaji. Kwa wiki nzima alikuwa akicheza Is This Seat Taken?, gemu iliyotolewa mwaka 2025 na Poti Poti Studio ya Barcelona. Wahusika wake ni maumbo yenye nyuso, na kila mmoja ana lake: huyu anataka dirishani, yule hataki kelele, mwingine havumilii harufu. Kazi ya mchezaji ni kuwaburuta kwa kidole hadi kila mmoja aridhike na alipokaa. Hakuna saa inayomkimbiza mtu, na bahati haina nafasi. Simu ilipozima, binti alichomoa kalamu akachora leveli yake mwenyewe, abiria akiwatoa kwenye Hiace iliyotupandisha asubuhi hiyo kutoka Mombo.

Naichambua leveli hiyo kwa sababu ni ndogo, unaweza kuiona yote kwa jicho moja, na ndani yake umo mtego unaowakwamisha wachezaji wengi wa gemu za aina hii.

Siti ni tisa, nyuma ya dereva: mistari mitatu, kila mstari siti tatu. Moja iko dirishani, moja katikati, moja mlangoni. Mstari wa 1 ndio wa mbele, wa 3 ndio wa nyuma.

Abiria nao ni tisa. Bibi ana magoti mabovu, kwa hiyo anataka upande wa mlango, na hataki spika ya muziki moja kwa moja mgongoni pake. Mjukuu wake lazima akae naye bega kwa bega. Mtoto huyo anaogopa jogoo. Jogoo anayemwona hamtishi, ila hataki kabisa awe kwenye mstari ulio nyuma yake, asije akadonolewa kisogoni. Dada mmoja hutapika kwenye kona za Soni: anataka dirisha, na hawezi kukaa mstari wa nyuma, kwa kuwa huko ndiko gari linakorusha zaidi. Mgeni mwenye kamera anataka dirisha. Mwanafunzi anataka dirisha apate mwanga wa kusomea. Hataki muziki kwenye mstari wake wala kwenye mstari unaofuata nyuma yake, na hataki jogoo ubavuni. Mama mwenye kapu la peasi anataka mstari wa nyuma. Kijana mwenye spika naye anataka mstari wa nyuma. Yupo mwenye jogoo ndani ya tenga, ambaye popote ni sawa kwake. Na yupo mzee mmoja mtulivu, hana ombi hata moja.

Ukiwapanga ovyo, watu tisa kwenye siti tisa wanakaa kwa njia 362,880. Jibu sahihi ni moja tu.

Binti alianza na bibi. Akamweka mstari wa 1 mlangoni, mjukuu katikati. Dirisha la mbele akampa dada wa Soni, kwa kuwa anayetapika hukalishwa mbele. Mama wa peasi na kijana wa spika wakaenda nyuma. Mwanafunzi akakosa pa kukaa: mstari wa 3 una muziki, mstari wa 2 una muziki nyuma yake. Basi akamhamishia mbele, dada akarudi mstari wa 2, mgeni akachukua dirisha la nyuma. Vizuri. Zikabaki siti mbili, zote za mstari wa 2, na watu wawili: mwenye jogoo na mzee mtulivu. Tazama sasa jogoo yuko wapi. Yuko nyuma ya mtoto.

Hapo ndipo yanapoanza yale ninayoyaona kwa wachezaji wengi. Wanane wameridhika, mmoja amenuna, na mkono unashawishika kumsogeza huyo mmoja. Ukimbadilisha jogoo na mama wa peasi, mama ananuna. Ukimbadilisha na mwanafunzi, mwanafunzi ananuna, na mzee mtulivu unamzungusha bure kwa kuwa yeye hata hakuwa na shida. Binti alifanya hivyo kwa nusu saa, kila mara akiamini amebakiza kidogo. Ukweli ni kwamba alikuwa mbali. Kutoka kwenye mpangilio wake hadi kwenye jibu, watu wanne wanapaswa kuhama kwa mpigo: bibi, mjukuu, mwenye jogoo na mzee mtulivu. Hakuna uhamisho wa mmoja mmoja utakaokufikisha bila kwanza kumtenganisha bibi na mjukuu wake. Idadi ya nyuso zenye furaha haipimi umbali uliobaki, na mchezaji anayeitumia kama kipimo atazunguka hapo hadi jua lizame.

Kilichotutoa kilikuwa ni kuligeuza swali. Badala ya kuuliza "bibi akae wapi?", tuliuliza "dirisha linamtaka nani?"

Hesabu madirisha: matatu. Hesabu wanaodai dirisha: dada, mgeni, mwanafunzi. Watatu. Bado hujui nani yuko dirisha gani, lakini tayari unajua kwamba hakuna mtu mwingine atakayegusa dirisha lolote. Mama wa peasi hakuomba dirisha wala hakulikataa, na kwenye orodha ya maombi yake hakuna mahali palipoandikwa kwamba dirisha la nyuma si lake. Habari hiyo unaipata kwa kuhesabu siti. Kwa kusoma ombi la mtu mmoja mmoja huwezi kuiona. Uamuzi huo mmoja unashusha njia kutoka 362,880 hadi 4,320, na bado hujamkalisha mtu yeyote.

Sasa mama wa peasi na kijana wa spika wanataka mstari wa nyuma, na dirisha la nyuma si lao. Wamebaki na siti mbili za nyuma, katikati na mlangoni. Wamezijaza, hata kama hujui nani yuko wapi. Njia 288.

Dirisha la nyuma litakuwa la nani? Dada hawezi kukaa nyuma. Mwanafunzi hawezi kuwa mstari mmoja na spika. Ni la mgeni. Huyu ndiye wa kwanza kukaa kwa uhakika, mgeni ambaye binti hakumfikiria kabisa mwanzoni kwa sababu ombi lake lilikuwa fupi. Mwanafunzi hawezi kuwa mstari wa 2, kwa kuwa muziki uko nyuma yake, basi yuko mbele dirishani, na dada yuko mstari wa 2 dirishani. Njia 48.

Ndipo tukamgeukia bibi. Yuko mlangoni, mstari wa 1 au wa 2, na mjukuu yuko katikati kando yake. Njia 8. Ukimweka mbele, jogoo hana pengine pa kwenda isipokuwa mstari wa 2, nyuma ya mtoto. Basi bibi hawezi kukaa mbele. Anakaa mstari wa 2. Njia 4.

Mwenye jogoo na mzee mtulivu wanakwenda mstari wa 1. Mwanafunzi hataki jogoo ubavuni, kwa hiyo jogoo anakaa mlangoni na mzee mtulivu katikati yao. Njia 2. Mwisho kabisa tunarudi kwa spika na peasi, tuliowaacha bila kuwaamulia. Bibi yuko mstari wa 2 mlangoni, na spika haitakiwi mgongoni pake, basi kijana yuko katikati nyuma, mama wa peasi yuko mlangoni nyuma. Njia 1.

Kwa anayetaka kuhakiki: mstari wa 1 ni mwanafunzi, mzee mtulivu, jogoo. Mstari wa 2 ni dada, mjukuu, bibi. Mstari wa 3 ni mgeni, spika, peasi. Nimewataja kuanzia dirishani kwenda mlangoni.

Mzee mtulivu ananigusa. Mtu asiye na ombi ndiye mchezaji humkalisha mapema, kwa kuwa hana usumbufu, na kufanya hivyo ni kuitupa karata bora iliyo mkononi. Yeye peke yake ndiye angeweza kukaa kati ya mwanafunzi na jogoo bila kulalamika. Asubuhi ile pale Mombo nilimwona konda akilifanya jambo hilo bila daftari: mizigo kwanza, kisha wenye watoto, na yule abiria aliyesema popote sawa akaambiwa asubiri kidogo nje. Nilidhani anamdharau. Alikuwa anamtunza kwa ajili ya siti ambayo hakuna mwingine angeiweza.

Kanuni ya kuanza na mwenye nafasi chache si mpya, wala haikuzaliwa na simu. Wengi wetu tulisimuliwa tukiwa wadogo fumbo la mtu aliyefika mtoni na chui, mbuzi na majani, mtumbwi ukibeba yeye na kimoja tu. Katika mkusanyo wa mafumbo ya Kilatini unaohusishwa na Alcuin wa York, aliyefariki mwaka 804, yumo mtu wa namna hiyohiyo, ila yeye ana mbwa mwitu, mbuzi na kabichi. Naye angejiona yuko nyumbani hapa Lushoto kwenye mashamba ya kabichi. Ufunguo ni uleule: mbuzi ndiye mwenye ugomvi na pande zote mbili, kwa hiyo safari zote zinapangwa kumzunguka yeye. Anayeanza na chui kwa sababu chui anatisha, anapoteza majani.

Na jinsi uchunguzi mmoja unavyokata njia nyingi, mfano mkubwa ni fumbo la malkia wanane wa sataranji, lililotolewa na Mjerumani Max Bezzel mwaka 1848: waweke ubaoni asiwepo anayeweza kumshambulia mwenzake. Kuwatawanya wanane kwenye miraba 64 kuna njia 4,426,165,368. Ukitambua tu kwamba kila mstari na kila safu lazima iwe na malkia mmoja, zinabaki 40,320. Majibu sahihi ni 92. Mabilioni yale yaliondolewa na sentensi moja, kama madirisha yetu matatu yalivyoondoa laki tatu na nusu.

Nirudi kwa binti, kwa sababu kuitunga leveli ni kazi ngumu kuliko kuitegua. Rasimu yake ya kwanza haikuwa na lile ombi la bibi kuhusu spika. Tulipofika mwisho tukagundua kijana na mama wa peasi wanaweza kubadilishana siti na wote tisa wakabaki na furaha: majibu mawili. Akaona aibu. Nikamwambia, "Mwanangu, hapo ndipo mtungaji anapoanza kazi," akaongeza sharti moja mahali lilipohitajika. Lilihitajika kwa bibi, wala si kwa wale wawili wenyewe, na huo ni uamuzi mzuri: siti ya nyuma sasa inategemea jambo linalojulikana mwishoni, kwa hiyo mchezaji analazimika kuvumilia kutojua hadi dakika ya mwisho. Leveli nzuri inakuacha na jambo moja wazi mkononi muda wote, na kulifunga kwa wakati wake.

Binti aliniuliza, "Mjomba, nikimfutia mtoto ile hofu ya jogoo itakuwaje?" Chukua kalamu uifute, uhesabu tena kuanzia madirishani. Bibi ataweza kukaa mbele, pale binti alipomweka tangu mwanzo, spika itapata uhuru wake nyuma, na majibu yatakuwa matano. Nimeyahesabu mara mbili. Yahesabu na wewe.