Mafundi wa Magari ya Maua

Wapo wanaoamini kwamba Cadillac ikikosa paa la nyuma ikawa pikapu, imeshushwa hadhi. Mimi nawapa heko mafundi bodi wa jimbo la Ohio, Marekani, waliotuonyesha vingine. Katikati ya karne ya 20, kampuni za Miller-Meteor ya Piqua na Hess & Eisenhardt ya Cincinnati (hawa ndio waliorefusha Lincoln ya Rais Kennedy mwaka 1961) zilipokea chesisi ndefu za Cadillac, zikaziundia magari ya kubebea mashada ya maua katika misafara ya mazishi.

Tazama huko nyuma. Sakafu ni ya chuma kisichoshika kutu, kimeng'arishwa mpaka maua yanaonekana mara mbili. Chini yake, katika mengi ya magari hayo, mna nafasi yenye roda za kutelezeshea jeneza taratibu, bila kishindo. Heshima iliyoje kwa wafiwa! Na kwenye maungio ya bodi, enzi zile madini ya risasi yaliyeyushwa, yakapakwa, kisha yakapigwa tupa kwa mkono hadi kiganja kikipita hakisikii mshono.