Nyuzi Juu ya Nyuzi

Tone la gundi kwenye ncha ya sindano halidondoki. Volti 15,000 zinalivuta hadi lichongoke, kisha litoe mchirizi unaojipinda hewani kama mjeledi. Sahani ya chuma iko sentimita 15 tu mbele, lakini mchirizi unapoifikia umekwisha kukauka na kuwa uzi mwembamba kuliko wa buibui. Gundi hiyo ni poliakrilonitraili iliyoyeyushwa, jamii moja na akriliki ya masweta. Baada ya saa kadhaa sahani imevaa kitambaa cheupe, chepesi kama pamba iliyochambuliwa.

Kiswahili huziita uzi wa kitambaa na uzi wa joto kwa jina moja, na kwenye tanuri zote mbili huenda pamoja. Kwanza kitambaa huokwa penye hewa hadi nyuzi 250 au 280, joto likipandishwa polepole, uzi mmoja au nyuzi mbili kwa dakika. Fundi mwenye pupa hukuta nyuzi zimeyeyuka na kugandana. Aliyesubiri hukiona cheupe kikiingia manjano, kisha hudhurungi ya ukoko wa mkate. Kwa kuwa kitambaa husinyaa, hubanwa kingo kisijikunje.

Kinachofuata mchoma mkaa angekitambua mara moja. Yeye hufukia magogo kwa majani na udongo; maabara hupitisha gesi ya naitrojeni, joto likipanda hadi nyuzi 1,000 hivi. Hewa ikipenya, wote wawili huambulia majivu.

Kinachotoka ni kitambaa cha kaboni, elektrodi itakayokuwa makao ya bakteria wanaotoa umeme. Mwaka 1911, M. C. Potter wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, alionyesha kwamba vijidudu vikivunjavunja chakula hutoa umeme. Geobacter, kwa mfano, hula asetati na kusukuma elektroni nje ya mwili wake, nayo kaboni huzipokea. Ila ana urefu wa maikromita chache, na nyuzi zikisongamana mno hapati pa kupenya. Eneo lote la ndani, ambalo watafiti hupenda kujivunia, hubaki kama ghorofa lisilo na ngazi. Kwa hiyo wapo wanaochanganya kwenye gundi chembe za kuungua au kuoshwa baadaye, ziache matundu. Mimi huo ndio ufundi ninaouvulia kofia.

Elektrodi ikizamishwa, mstari wa mkondo kwenye skrini hulala chini. Siku zinapita. Bakteria wanahamia, na mstari unaanza kuinuka.