Mgema, Mnywaji na Sheria: Uhakiki wa Lugha ya Ulinzi

Methali isemayo "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji" hufundishwa madarasani kama onyo dhidi ya kiburi. Maana hiyo ni sahihi, lakini haitoshi. Katika vijiji vya Msambweni na Diani, ambako minazi ingali ikigemwa, iko maana nyingine iliyo karibu zaidi na kazi yenyewe: wa kuchungwa ni mgema, si mnywaji.

Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya 2010, iitwayo na wengi Sheria ya Mututho, ina mtazamo mwingine. Iliandikwa kwa Kiingereza, na katika madhumuni yake dhana ya kulinda inarudiwa tena na tena: kulinda afya ya mtu binafsi, kumlinda mnunuzi asidanganywe, kulinda afya ya walio chini ya miaka 18. Mawili ya mwisho hayana ubishi. Mei 2014 makumi ya watu walikufa Embu, Kiambu na kwingineko kwa pombe iliyotiwa methanoli. Hapo muuzaji ndiye aliyestahili kuchungwa. Tatizo limo katika lile la kwanza. Chini ya kivuli chake mtu mzima alipangiwa saa za kunywa: siku za kazi, kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku.

Saa hizo zinaifaa bia ya chupa, ambayo haiharibiki ikingoja. Tembo halingoji. Mgema hupanda asubuhi na jioni, akachonga karara kwa kotama na kuteremsha kibuyu. Tembo la asubuhi lingali na utamu. Likifika alasiri limezidi kuchacha na ukali umeongezeka. Kesho yake linaelekea kuwa siki. Basi mnywaji wa mangweni aliyetii sheria alingojeshwa mpaka tembo likawa kali. Ulinzi ulimsogeza karibu na kile kile ulichotaka kumwepusha nacho.

Kiswahili hutenganisha kulinda na kulea. Mtu mzima hulindwa na hila ya mwenziwe. Anayelelewa ni mtoto. Sheria hii iliyachanganya mawili hayo. Tangu 2013 leseni za vileo zimekuwa kazi ya serikali za kaunti, na Kwale ina nafasi ya kuyatenganisha: tembo lipimwe kama limetiwa maji au sumu, na kiasi cha kunywa kiachiwe mnywaji mwenyewe.